Mama Mkwe Kwenye Ubao wa Mninga

Jumatatu, 2 Oktoba

Mwalimu Esta amefika kibandani kwangu hapa Chikongola kabla sijafungua hata kitasa. Ukumbi umepatikana. Maonyesho yatafunguliwa Jumamosi ya tarehe 2 Desemba, na yatahusu kazi za mikono za vijijini: ususi, uhunzi, ufinyanzi, kuchemsha chumvi, kusuka madema ya kutegea samaki. Wanafunzi wake wataleta michoro ya penseli. Picha za kuchapwa zote ni zangu.

Niandike jinsi kazi inavyokwenda, maana nikizeeka huenda nikasahau kwamba niliwahi kuijua. Unachonga ubao wa mninga kwa patasi ndogo. Ulipochonga panabaki peupe, ulipoacha panashika wino. Unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi, unaisugua kwa mgongo wa kijiko, unaibandua taratibu. Picha inatoka kinyume na ubao, lakini hilo halinisumbui. Mimi ni mchonga mihuri, herufi za kinyumenyume ndizo zinazonilisha. Kinachonisumbua ni kwamba ubao hauna kifutio. Ukiondoa, umeondoa.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimempeleka mke wangu Mwanahamisi na mtoto wetu Sharifa kwao Mpapura. Korosho zimeanza kuanguka na mama yake hawezi kuokota peke yake. Watakaa huko mpaka msimu upungue. Nyumba itakuwa kimya.

Nilikaa barazani kwa Mjomba Ismaili, kaka yake mama mkwe, wanaoishi ua mmoja. Mama mkwe mwenyewe, Bi Somoe, alipita nyuma ya nyumba. Ndivyo tunavyoishi. Nina miaka sita ndani ya ndoa hii: sauti yake naijua, kikohozi chake nakijua, mboga yake ya kisamvu naijua kwa harufu. Uso wake sijawahi kuutazama. Tukikutana njiani mimi naingia shamba la watu mpaka apite, naye anajifunika kanga. Akiwa na neno na mimi anamwambia mtu mwingine, huku mimi nipo hapohapo nasikia. Watumishi wanaohamia kutoka mikoa mingine hudhani tumegombana. Hatujagombana. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Jumatano, 11 Oktoba

Nilimwomba Mwanahamisi anitafutie picha ya mfinyanzi yeyote akiwa kazini. Amenitumia kwenye simu picha ya mama yake, na maneno: "Nimempata huyu tu. Angalia mikono, usiangalie mtu."

Alhamisi, 12 Oktoba

Nimechonga tangu asubuhi mpaka Magharibi. Bi Somoe hazungushi chungu. Chungu kimekaa chini juu ya kigae, na yeye ndiye anayezunguka, kinyumenyume, ameinama, mkono mmoja ndani na mmoja nje, mpaka ardhi inabaki na duara la nyayo. Nimechonga mgongo, mikono, mikunjo ya kanga, na hilo duara. Uso umeangalia chunguni, hauonekani. Nimeona heshima imelindwa.

Nilipobandua karatasi ya kwanza nilisimama muda mrefu. Sijawahi kutoa picha kama hii.

Jumatatu, 16 Oktoba

Mwalimu Esta ameichagua picha ya mfinyanzi iwe tangazo. Anasema ndiyo iliyotulia kuliko zote. Amekwenda kuitolea nakala nyingi zibandikwe mpaka vijijini. Nimefurahi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Joto. Mihuri ya ofisi mbili. Hakuna jingine.

Jumanne, 24 Oktoba

Nimemaliza mhunzi wa Ziwani na mivukuto yake. Moto umetoka kama kichaka. Nitaurudia.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mwanaisha, mdogo wake Mwanahamisi, ameingia kibandani adhuhuri bila hodi, akabandika karatasi juu ya meza yangu. Lilikuwa tangazo.

"Hongera shemeji. Mama mkwe wako sasa maarufu. Yuko stendi, yuko zahanati, yuko mlangoni pa ghala la korosho. Na kote huko kainama."

Nilimwambia uso hauonekani.

"Uso!" Alicheka mpaka akashika meza. "Nani kakudanganya Mpapura tunatambuana kwa uso? Kanga ile nani hana habari nayo? Goti lile lililopinda nani halijui? Wanaume wamekaa ghalani wanasubiri kupima korosho zao, kazi hawana. Akipita wanamwamkia: 'Shikamoo Bi Somoe, kiuno hakijambo?'"

Halafu akaacha kucheka.

"Mama hatoki nje, shemeji. Anasema mkwe wake amemtazama kwa nyuma, kisha akawaita watu wa mjini waje watazame naye. Dada harudi mpaka Mjomba aseme neno. Na yeye mwenyewe ana kesi, kwa sababu picha imetoka kwenye simu yake."

Nilimuuliza kama Mwanahamisi amelia.

"Dada halii. Anaokota korosho mpaka gizani na hasemi na mtu. Ungeomba alie."

Alipoondoka niliitazama picha upya, kwa macho ya mtu aliyesimama mlangoni pa ghala. Niliona mara moja. Sijui kwa nini sikuona mwanzo. Nilikuwa nimeshughulika na uso mpaka nikasahau mtu ana upande wa pili.

Jumapili, 29 Oktoba

Nimezunguka Mpapura kubandua matangazo. Stendi, zahanati, ghala, duka la dawa, mti wa njia panda. Mlinzi wa ghala aliniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Sikufika kwa Mjomba. Mkwe mwenye kesi hajipeleki, anaitwa.

Jumatatu, 30 Oktoba

Mwalimu Esta hakuelewa haraka.

"Lakini Shafii, mtu yuko kazini kwake. Aibu iko wapi?"

"Kwa mwingine ingekuwa haipo, mwalimu. Angemchonga mpita njia, picha ingekaa. Mimi ni mkwe wake."

"Hata kwetu Bukoba mkwe anaheshimiwa, lakini..."

"Sasa huko Bukoba mume wako amwinamishe mama yako mlangoni pa ghala. Itakuwaje?"

Alifikiri. "Atahama mkoa," alisema.

Mchana alirudi na matangazo yote yaliyobaki, pamoja na karatasi iliyoharibika mashineni. Hakuniuliza tutafanya nini na nafasi ya mfinyanzi kwenye ukuta wa maonyesho. Nilimshukuru kwa hilo.

Jumatano, 1 Novemba

Simu ya Mwanahamisi inaita, haipokelewi.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimeitwa. Mjomba Ismaili alikuwa barazani akichambua korosho, nzuri huku, mbovu kule, na hakuacha kuchambua hata nilipomwamkia.

"Marahaba. Kaa. Wingu lile unaliona? Likinyesha kabla sijaanua, msimu wangu umekwisha. Kwa hiyo tuseme upesi."

Nilisema nimekosa. Sikutafuta maneno mengine. Nilisema nilikuwa natazama kazi, nikasahau ni kazi ya nani.

"Hilo tumeliona wote," alisema Mjomba, akatupa korosho moja kwenye mbovu. "Wewe si mtoto mbaya. Lakini umemfanya dada yangu apite nyuma ya mashamba kwenda kisimani, kama mwizi. Mke wako nimrudishe vipi kwa mtu aliyemfanyia mama yake hivyo? Iondoe picha hiyo duniani. Ukishaiondoa, tutazungumza."

Nyuma ya kiambaza, ukuta mfupi wa udongo unaotenga baraza na uani, kulikuwa na mtu. Nilisikia kikohozi. Nilisubiri aseme lolote kupitia kwa Mwanaisha, hata tusi. Hakusema. Nikadhani amekubali.

Mwanahamisi aliniletea maji ya kunywa. Mtoto alikuwa mgongoni kwake, amelala. Nilimwambia nitairekebisha.

"Irekebishe vizuri basi, Baba Sharifa," alisema, akaondoka na kikombe kabla sijamaliza kunywa.

Jumatatu, 6 Novemba

Ningeweza kuchoma ubao. Nilishindwa. Badala yake nilichukua patasi nikamwondoa mama mkwe. Kwanza mgongo, kisha kanga, kisha mikono, mwisho kichwa. Pale alipokuwa pamebaki peupe. Kilichobaki ni chungu chini, na duara la nyayo kukizunguka.

Nimechapa. Ni picha nzuri, ya ajabu kidogo, kama mahali watu walipochezea ngoma wakaondoka. Hakuna mtu wa kutukanwa humo. Leo nitalala mapema, kwa mara ya kwanza tangu Mwanaisha alete lile tangazo.

Ijumaa, 10 Novemba

Mwanaisha alikuja sokoni. Nimempa bahasha ampelekee Mjomba: picha mpya ya chungu, na nakala moja ya kila picha nyingine, wajue kwamba sijamvunjia heshima yeyote tena. Mtu wa dema, msusi wa mkeka, mhunzi, mchemsha chumvi wa kule mwalo wa Ruvuma, wote. Nimeona ni adabu kuonyesha kila kitu.

Jumapili, 12 Novemba

Manyunyu. Karatasi zimevimba pembeni. Nimezihamishia chumbani.

Jumanne, 14 Novemba

Mwanaisha amerudi. Safari hii alibisha hodi, nikajua mambo ni mabaya.

"Shemeji, mama anauliza. Nikwambie kama alivyosema au nipunguze?"

"Kama alivyosema."

"Anasema: msusi yupo. Mhunzi yupo. Mchemsha chumvi yupo, na yule ni mlevi, kila mtu anamjua. Mpaka samaki wa kwenye dema yupo. Kuna chungu kimejifinyanga chenyewe. Anasema: nilikasirika kuonyeshwa nimeinama. Nani alimwambia anifute?"

Nilimsogezea kigoda.

"Ameziweka picha zote mkekani kwa mstari, akaita majirani waje watafute yeye yuko wapi. Wametafuta mpaka wamechoka. Wengine wamechungulia ndani ya chungu."

"Na dada yako?"

"Dada anasema ulikuwa na kosa moja, sasa unayo mawili. Anasema mtu aliyeweza kumfuta mama kwa mchana mmoja, yeye atamfuta kwa muda gani?"

Hilo halikuwa la utani. Mwanaisha alitazama mlangoni alipokuwa analisema.

Jumatano, 15 Novemba

Nimefunga kibanda mapema. Nimekaa na ubao magotini. Pale palipokuwa na mtu pana bonde, ukipitisha kidole unalisikia. Siwezi kumrudisha humo.

Nilidhani mkwe kumheshimu ni kutomwona. Nimejizoeza hivyo miaka sita, na nilijiona hodari. Kumbe huyu mama anajua vizuri tofauti ya mtu anayeinamisha macho na mtu anayekufanya kama hupo.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimenunua ubao mwingine wa mninga. Kesho nakwenda bila kuitwa. Kama ni kosa la tatu, basi liwe la tatu.

Jumamosi, 18 Novemba

Nitaandika yote.

Nilikaa barazani kwa Mjomba, ambaye hakuonyesha kushangaa. Korosho zake ameziwahi, ziko ndani, kwa hiyo leo alikuwa mtu mwingine kabisa. Alinipa karanga. Nilisema kwa sauti, nikiutazama uwanja, kwamba nimekuja kumwomba mama ruhusa ya kumchonga, kwa namna anayotaka yeye.

Nyuma ya kiambaza mkeka ukachakarika. Kisha:

"Mwanaisha."

"Abee mama."

"Mwambie huyo mtu, kwanza nitakaa. Sisimami, siinami. Nitakaa mkekani, miguu nimeinyoosha, nasugua chungu kwa kokoto king'ae. Hiyo nayo ni kazi."

Mwanaisha alinigeukia, ingawa nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. "Shemeji, mama anasema atakaa kama malkia."

"Sikusema malkia."

"Anasema hakusema malkia."

"Na mwambie nitavaa kanga ya Idi."

Hapo Mjomba aliacha karanga. "Somoe, nani anasugua chungu na kanga ya Idi?"

"Nani alibandikwa mlangoni pa ghala, wewe au mimi?"

Mjomba akarudia karanga zake.

Tatizo likabaki moja: nitamchongaje mtu nisiyemtazama? Kutoka kwenye simu tena haiwezekani, hata kuisema ni aibu. Nilikuwa na karatasi na penseli. Nikasema Mwanahamisi achore, mimi nitachonga alichochora.

"Mimi?" ilikuwa sauti ya Mwanahamisi, neno la kwanza nililosikia kwake leo. "Mimi nachora mstari wa nguo tu, kabla ya kukata."

"Huo unatosha," nilisema.

Basi ikawa hivi. Bi Somoe alikaa uani na chungu chake. Mwanahamisi alikaa mbele yake na karatasi juu ya ungo. Mimi niliwekewa kigoda upande huu wa kiambaza, mgongo kwao, nikiutazama udongo, nikawa nauliza.

"Mkono wa kulia uko wapi?"

"Juu ya tumbo la chungu."

"Vidole vimefunga au vimefunguka?"

"Vimefunga. Ameshika kokoto. Mama, usisogee."

"Mwambie mumeo nimechoka."

"Ndiyo kwanza umekaa, mama!"

"Kichwa je?" niliuliza.

"Kimeinama kidogo."

"Kisiiname!" Hapo sauti tatu zilisema pamoja, na yangu ilikuwamo.

Nilisikia Mwanahamisi anacheka. Hakucheka sana, alicheka kwa puani, kama anavyocheka mtoto wetu akifanya vituko wakati wa swala. Nilishika kigoda kwa mikono miwili.

Tulimaliza karibu na Alasiri. Mchoro aliupitisha juu ya kiambaza. Mistari yake inatetemeka, miguu mirefu kupita kiasi, lakini mtu amekaa kweli, ana uzito, anajua anachofanya. Mimi nisingeweza kuuchora hivyo. Ningeupendezesha.

Mjomba alisema Mwanahamisi atarudi picha ikishakubalika. Hakusema na nani. Sote tulijua.

Jumatano, 22 Novemba

Ubao mpya mgumu. Nimefuata kila mstari wake, hata unaotetemeka.

Ijumaa, 24 Novemba

Mvua usiku kucha. Kanga ya Idi imenichukua siku nzima. Ina maua, na kila ua lina madoa.

Jumatatu, 27 Novemba

Nimechapa. Wino haukauki kwa unyevu huu. Nimezitundika karatasi kwenye kamba juu ya jiko la mkaa na kuzipepea kwa kawa la kufunikia chakula, kama mtu anayechoma samaki.

Alhamisi, 30 Novemba

Jana nilimtuma Mwanaisha na nakala ya kwanza. Aliiviringisha ndani ya mwavuli. Leo nilikuwa nafunga kibanda nikaona Mwanahamisi anavuka barabara, mtoto mgongoni, gunia la mihogo kichwani, nguo zimelowa.

"Mama amesema nini?" nilimuuliza.

"Hajasema. Ameitazama kwa muda mrefu, akaenda kuisimamisha kwa jirani ili aitazame kwa mbali. Kisha akasema atakuja Jumamosi kuiona ikiwa ukutani, ndipo atasema."

"Na wewe umerudi kabla hajasema?"

"Mimi ndiye niliyechora, Baba Sharifa. Unataka nikae kwetu nisubiri kuhukumiwa?"

Tulipofika nyumbani akaanza kulalamikia jiko, majivu, vyombo, karatasi zilizotundikwa kila mahali. Nimesikiliza kila neno.

Jumamosi, 2 Desemba

Ukumbi ulijaa mapema kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha na watu waliingia kujikinga, wakabaki. Mwalimu Esta alikuwa amevaa gauni jipya na anatembea kama mwenye harusi. Mgeni rasmi aliniuliza swali kuhusu mivukuto ya mhunzi. Nilikuwa nimefungua kinywa kujibu, Mwanaisha akanivuta shati.

"Shemeji, toka. Mama anashuka garini."

Nilitokea mlango wa nyuma, nikamwacha mgeni rasmi na swali lake. Nilisimama nje chini ya dirisha, mgongo ukutani. Bati lile halina ukingo, maji yote yaliniangukia begani.

Niliwasikia wakiingia, wanawake wa Mpapura, wengi kuliko nilivyotegemea. Walipita kwa msusi wakataja jina lake. Walipita kwa mchemsha chumvi wakamcheka. Kisha wakasimama mbele ya mfinyanzi.

Nilisikia kikohozi ninachokijua.

"Mwanaisha."

"Abee mama."

"Mwambie huyo mtu, pua hii si yangu."

Ni kweli. Mwanahamisi alishindwa na pua. Aliijaribu na kuifuta, akaacha nafasi tupu katikati ya uso, na mimi sikuwa na ya kuweka hapo. Nikaweka ile ninayoijua.

Kichwa cha Mwanaisha kikatokea dirishani. "Shemeji, unaambiwa umemwibia mama pua."

"Sikusema kuiba," ilisema sauti ndani. "Nimesema si yangu. Hii ya mwanangu."

Najua walikuwa wanageuka mmoja mmoja kumtazama Mwanahamisi, kisha ukuta, kisha Mwanahamisi. Mmoja akaanza kucheka, wa pili akapiga kigelegele, na baada ya hapo sikusikia tena mvua.

"Shemeji, jibu! Unajitetea vipi?"

"Mwambie mama," nilisema, nikiutazama udongo, "katika ukoo wake, hiyo ndiyo pua niliyopewa."

Mwanaisha alifikisha. Safari hii hakuongeza kitu. Maji yaliingia kolani yakashuka mpaka kiunoni.

"Basi ibaki," alisema Bi Somoe. "Kwangu ilitoka, haikwenda mbali. Na mwambie aingie ndani, analowa bure. Mimi nimeshajifunika."

Nikaingia.